Debe, Pipa, Bomba, Dumu

Kabla ya kuwa kipimo cha mahindi katika soko la Temeke Stereo, debe lilikuwa chombo cha mafuta ya taa. Mwishoni mwa karne ya 19 meli zilishusha Zanzibar na pwani ya bara masanduku ya mbao, kila sanduku likiwa na madebe mawili ya bati, na kila debe likichukua galoni nne, yaani lita 18 na kitu. Mafuta yalikwisha, debe likabaki. Likatekewa maji, likapimiwa nafaka, likafunguliwa na kunyooshwa kwa nyundo hadi likawa bati la kuezekea. Nyumba nyingi za Waswahili katika miji ya pwani zilifunikwa kwa mabati hayo yenye alama za kampuni za ng'ambo, na ndani yake iliwaka koroboi iliyojazwa mafuta yaleyale yaliyoletwa pamoja na paa.

Naanzia kwenye debe kwa sababu historia ya mafuta na ajali zake Dar es Salaam ni historia ya vyombo: debe, pipa, bomba, tenki, dumu. Kila chombo kilipobadilika, hatari ilihamia kwa watu wengine, na mara nyingi watu hao hawakuelezwa kwamba imewafikia.

Katika enzi ya debe hatari ilikuwa ya nyumbani na wenye nyumba waliijua. Mama zetu walijua kwamba koroboi haijazwi ikiwa inawaka, kwamba jiko la mchina huzimwa kabla ya kuongezwa mafuta, kwamba kitambaa kilicholowa hakianikwi karibu na moto. Hawakufundishwa darasani. Waliyajua kwa sababu mafuta ya taa yana subira kidogo: mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli haina subira hiyo. Inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na Dar es Salaam hakuna siku ya baridi ya namna hiyo. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupai. Unatambaa chini kama maji, unafuata mtaro, unaingia bondeni, unakaa na kusubiri. Ujuzi wa koroboi haukumwandaa mtu kwa kitu cha namna hiyo, na nitalirudia jambo hili tukifika Msamvu, Morogoro.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika, nchi ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru, iliafikiana na Waitaliano wa ENI, shirika mama la Agip, kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta. Jina lake lilikuja kuwa TIPER, na mahali palipochaguliwa ni Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1966. Kigamboni ya wakati huo ilikuwa minazi, mikorosho na vijiji vya wavuvi. Kwenda huko ulisubiri kivuko Magogoni. Sijui kama waliochagua eneo hilo walikuwa wakifikiria usalama wa jiji, lakini matokeo yake yalikuwa hayo: kati ya matenki na mitaa yenye watu wengi palikuwa na maji. Umbali ule ulikuwa kinga bora kuliko zote zilizofuata, na haukugharimu chochote.

Kiwanda kilipokuwa kikikamilika, kusini kulizuka jambo lililobadilisha kila kitu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Uingereza ikaweka vikwazo vya mafuta, na aliyeumia kwanza akawa jirani asiye na kosa: Zambia, ambayo mafuta yake yote yalikuwa yakipitia Rhodesia. Migodi ya shaba ingesimama. Ndipo Dar es Salaam ikajaa mapipa. Ndege za jeshi la anga la Uingereza zilibeba mafuta kwa mapipa kuyavusha hadi Zambia, kazi ya gharama isiyo na mfano, kwani ndege yenyewe hula mafuta mengi ili kufikisha machache. Kilichobaki kilipakiwa kwenye malori.

Barabara ya kwenda Zambia kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma ilikuwa kwa sehemu kubwa ya udongo na changarawe. Masika ya 1966 iligeuka tope. Waandishi wa Kizungu waliiita Njia ya Jehanamu, na kwa mara moja hawakutia chumvi. Malori yaliteleza makorongoni, mapipa yakapasuka, madereva na matandiboi wakafa mahali ambapo hapakuwa na simu wala hospitali ya karibu. Mwaka huohuo serikali mbili ziliunda kampuni ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, pamoja na mbia wa Kiitaliano, na Fiat zenye matela zikaanza kupita mfululizo. Hakuna mnara uliojengwa kwa ajili ya madereva wale. Wanastahili mmoja, maana wao ndio waliobeba vikwazo dhidi ya Rhodesia mgongoni, wakati waliovitangaza walikuwa London.

Bomba lilikuja kuwaokoa. Lilijengwa na Waitaliano kwa muda wa chini ya miaka miwili na kuanza kazi mwaka 1968: kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola, likipita Morogoro, Iringa na Mbeya. Likaitwa TAZAMA, kifupi cha Tanzania Zambia Mafuta. Jina hilo ni amri pia, na ningependa kuamini kwamba aliyelitunga alilijua hilo. Bomba linataka kutazamwa. Lilipozikwa ardhini na kusahauliwa, kutu haikusahau, jembe halikusahau, na mwizi hakusahau.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda. Meli zilishusha mafuta ghafi, TIPER ikasafisha, bomba likapeleka Ndola mafuta yake. Mwaka 1969 liliundwa shirika la mafuta la taifa, TPDC, na serikali ikachukua hisa katika kampuni kubwa zilizokuwa zikiuza mafuta nchini. Kampuni nyingine ziliondoka lakini zikaacha maneno: mpaka leo kituo chochote cha mafuta tunakiita sheli, awe mwenyewe ni nani.

Kilichobadilika ni jiji. Dar es Salaam iliyokuwa na watu wasiofika laki mbili wakati wa uhuru ilipita milioni nne katika sensa ya 2012. Watu hawa walikwenda palipokuwa na nafasi: Mbagala, Mtoni, Kurasini, Vijibweni, Tungi, na upande wa pili Kimara, Mbezi, Kibamba. Si kwamba mafuta yaliwafuata watu. Watu ndio waliosogea hadi kwenye ukuta wa mafuta, kwa sababu huko ndiko kiwanja kilipokuwa kinapatikana na ndiko kazi za bandari zilipokuwa. Kurasini, penye gati la mafuta, matenki ya kampuni mbalimbali yalijikuta yakitazamana na madirisha ya vyumba vya kulala. Watoto walikua wakidhani harufu ile ndiyo harufu ya hewa.

Gati hilo liko ndani ya mkono wa bahari unaoingia Mtoni, penye mikoko. Mkoko unapumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Mafuta yakiipaka, mti unakosa pumzi na kufa ukiwa umesimama. Mombasa walilishuhudia hilo mwaka 1988, tani zipatazo 5,000 za mafuta zilipomwagika katika mkono wa bahari wa Makupa na kuua mikoko mingi. Huku kwetu uharibifu umekuwa wa aina nyingine, usioingia magazetini: tone kwa tone, mpira uliolegea, maji machafu ya tanki yaliyooshwa usiku. Mvuvi wa Mtoni hana tarehe ya kukutajia. Ana wavu tu.

TIPER iliacha kusafisha mafuta mwaka 2000 hivi na kubaki ghala. Kuanzia hapo nchi ikawa inaagiza petroli na dizeli iliyokwisha kusafishwa, na kutoka Kurasini na Kigamboni mafuta yakaondoka kwa lori la tenki, si kwenda mikoani tu bali Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi. Mwaka 2012 lilianza kutumika boya jipya la kushushia mafuta baharini Mjimwema, linaloweza kupokea meli ya tani 150,000. Tani 150,000 ni maelfu ya malori. Hesabu hiyo inaanza kuishi barabarani mara tu meli inapofunga kamba: Mandela, Tazara, Buguruni, Tabata, Ubungo, kisha barabara ya Morogoro yote, katikati ya watu.

Halafu kukazuka uchakachuaji. Neno hilo lilivuma mwaka 2010, likatoka kwenye mafuta likaingia kwenye kura, mpaka wengi wamesahau lilikoanzia. Kodi ya mafuta ya taa iliwekwa chini ili mnyonge apate mwanga. Wajanja wakaona faida: changanya mafuta ya taa kwenye dizeli, uza kwa bei ya dizeli. Mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza mwaka huohuo kuweka vinasaba kwenye mafuta ya soko la ndani ili mchanganyiko ugundulike. Bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ikaribie ya dizeli. Ujanja ulipungua, na gharama ya kuumaliza akalipishwa yuleyule wa koroboi. Naamini lilikuwa kosa kuyatazama yale kama suala la kodi na injini peke yake. Mafuta yanapochanganywa gizani, ule ujuzi wa mama zetu niliousema unakufa. Petroli kidogo ndani ya mafuta ya taa inatosha kuligeuza jiko la mchina kuwa bomu. Niliwahi kumwona jirani yetu akitoka jikoni na kanga inawaka, baada ya kununua chupa ya mafuta kwa muuzaji aliyekuwa akimwamini kwa miaka. Alipona, ila mkono wake wa kulia haukunyooka tena.

Maafa ya petroli iliyomwagika tuliyaona kwa majirani kabla hayajatufikia. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kukinga, moto ukawaua zaidi ya 100. Julai 2010 zaidi ya 200 waliungua Sange, mashariki mwa Kongo, kwa namna hiyohiyo. Tarehe 12 Septemba 2011 ikawa zamu ya Nairobi, mtaa wa Sinai katika Mukuru. Pale hapakuwa na lori. Petroli ilivuja kutoka bomba la shirika la umma, ikaingia kwenye mtaro wa maji machafu unaopita katikati ya vibanda, ikashuka mpaka mtoni. Watu waliamka asubuhi wakaona mtaro wao umejaa fedha. Zaidi ya 100 walikufa, na wengine walikutwa mtoni, walikojitupa wakidhani maji yatazima.

Mkazi wa Tungi au wa Kurasini angeweza kusoma habari ya Sinai kama inamhusu yeye. Na mkazi wa Mbagala alikuwa na sababu zaidi: Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka mtaani kwake, watu zaidi ya 20 wakafa, nyumba zikabomoka kwa mabomu yaliyoruka kilomita kadhaa. Temeke ilikuwa imekwisha kujifunza maana ya kujenga jirani na ghala la hatari. Lakini kulijua jambo si kupewa uwezo wa kulihama.

Mwanzoni mwa 2018 Kigamboni ikaingia kwenye habari. Washtakiwa walifikishwa Mahakama ya Kisutu wakidaiwa kujiunganishia bomba jembamba, la inchi moja na nusu, kwenye bomba la inchi 24 linalotoa mafuta kwenye meli, katika mtaa wa Tungi. Magazeti yaliandika sana juu ya hasara ya serikali. Mimi nilifikiria majirani. Kutoboa bomba lenye mafuta ni kazi ya cheche na shinikizo. Anayeifanya usiku, uani kwa mtu, amewalaza watoto wa nyumba ishirini juu ya kibiriti. Hatukusikia wakiulizwa hao majirani kama waliwahi kusikia harufu, na kama walisikia, wangempigia nani. Miaka miwili kabla, Aprili 2016, lilikuwa limefunguliwa daraja la Kigamboni lenye urefu wa mita 680. Tulilishangilia, na tulikuwa na haki. Ila maji yaliyokuwa kinga tangu 1966 sasa yalikuwa yanavukwa kwa dakika moja, na viwanja ng'ambo vikauzwa mpaka kando ya matenki.

Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Hifadhi ya barabara ilipimwa kwa kamba, zaidi ya mita 120 kutoka katikati, na alama nyekundu ya X ikapigwa ukutani. Nchi inayoweza kupima umbali kati ya nyumba na lami kwa ukali ule inaweza kupima pia umbali kati ya kitanda na petroli.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, saa mbili hivi asubuhi, lori la petroli lililotoka Dar es Salaam lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, karibu na kituo kikuu cha mabasi. Ilielezwa kwamba dereva alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Sikukuu ya Idd el-Hajj ilikuwa imebaki siku mbili. Petroli ikaanza kumwagika kando ya barabara, na vijana wa bodaboda, wapita njia, wauzaji wa kituoni wakafika na madumu. Picha za simu zilizosambaa siku ile zinaonyesha watu wametulia. Hawagombani. Wanainama, wanachota, wanapokezana vidumu vya njano vya mafuta ya kula, pikipiki zimeegeshwa hatua chache kutoka kwenye dimbwi. Wengine wamesimama kutazama tu, mikono mfukoni.

Nimezitazama picha hizo mara nyingi kuliko inavyofaa. Utulivu ule ndio unaoniuma. Lile jambo la mvuke mzito usiopaa, unaotambaa chini na kusubiri, hakuna hata mmoja pale aliyeonekana kulijua. Walikuwa wamesimama ndani ya moto ambao ulikuwa haujawaka. Dimbwi walilokuwa wakilichota halikuwa hatari kuu. Hatari ilikuwa hewa iliyowazunguka, kuanzia magotini kushuka chini. Petroli ikiwa asilimia moja na nusu hivi ya hewa inatosha. Habari za siku ile zilisema kuna aliyekuwa akijaribu kuing'oa betri ya lori, cheche ikaruka. Ingeweza kuwa cheche ya pikipiki, au sigara, au simu iliyoanguka kwenye jiwe. Mvuke haukuwa unahitaji sababu kubwa.

Siku mbili za kwanza maiti walikaribia 70. Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Jumapili Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa Morogoro kwenye mazishi, makaburi ya Kola, ambako majeneza yalipangwa kwa safu na wengine wakazikwa kabla ya kutambuliwa, sampuli za vinasaba zikihifadhiwa ili ndugu waje kuwajua baadaye. Neno lilelile tulilojifunza kwa uchakachuaji, vinasaba, sasa lilikuwa linatafuta jina la mtu. Majeruhi waliletwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa njia ileile ambayo lori lilipita likienda. Wakawa wanafariki mmoja mmoja, leo wawili, kesho watatu, na kufikia mwisho wa mwezi idadi ilikuwa imepita 100.

Kilichofuata nilikisikia kwenye daladala, misikitini na redioni: tamaa imewaponza. Nilikikataa na bado nakikataa. Lita tano za petroli mwaka ule zilikuwa kiasi cha shilingi elfu kumi na moja. Kwa kijana wa bodaboda anayelipa hesabu ya tajiri kila jioni, hiyo ni nusu siku ya kazi imemwagika barabarani bila mwenyewe. Wafanyakazi wa ghala la Kurasini hupewa viatu visivyotoa cheche, hukabidhi simu getini, huunganisha waya wa ardhini kabla ya kufungua valvu. Hakuna anayesema wanafanya hivyo kwa kuwa hawana tamaa. Wanafanya kwa sababu walifundishwa na wanasimamiwa. Ujuzi huo umekaa ndani ya ukuta zaidi ya miaka 50, wakati mafuta yenyewe yanatoka getini kila dakika chache.

Februari 2024 serikali ilisaini mkataba wa shilingi bilioni 678.6 kujenga matenki 15 Kigamboni, yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000, ili mafuta yote ya meli yapokelewe mahali pamoja. Ni kazi nzuri kwa nchi. Meli hazitangoja nangani na mafuta yatapimwa vizuri. Bomba la TAZAMA nalo tangu 2023 linapeleka dizeli badala ya mafuta ghafi, kwa hiyo malori ya dizeli ya Zambia yamepungua barabarani, jambo ambalo madereva wa 1966 wangelielewa upesi kuliko mtu yeyote. Petroli bado inapita Ubungo. Na pembezoni, Goba, Chanika, Kisarawe II, mahali sheli ilipo mbali, bado inauzwa kwenye chupa za maji juu ya meza, kando ya mama anayekaanga mihogo.

Nyuma ya malori mengi kuna kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili. Juu 33, chini 1203. Ya juu maana yake ni kimiminika kinachowaka kwa wepesi sana; ya chini ni namba ya petroli, ile ile duniani kote. Dizeli ni 1202. Jioni moja Kimara Mwisho, foleni ikiwa imesimama, nilikuwa nyuma ya bodaboda, na mbele yetu lori lenye kibao hicho. Kwenye usukani kijana alikuwa amening'iniza mfuko wenye chupa ya petroli ya akiba. Nilimuuliza kama anajua zile namba ni za nini.

"Si za gari, mzee?"

Nikamwambia. Akalitazama lori kwa muda, akaisogeza pikipiki nyuma kidogo, akaitoa ile chupa kwenye usukani asijue pa kuiweka.

"Sasa kwa nini wasiandike petroli?"